Kompyuta Kumi na Saba Ambazo Hakuzinunua

Siku mpiga video alipofariki, mtu aliichukua pasi mezani.

Katika nyumba ile pasi haikuwa ya nguo tu. Makazi yake yalikuwa nyuma ya kompyuta ya kazi, imesimama wima, kioo kimeiegemea, kwa sababu bawaba zilikuwa zimelegea mwaka wa pili sasa na kioo hakikuweza tena kusimama chenyewe. Kulikuwa na sheria moja: funga kompyuta kwanza, ndipo uchukue pasi. Hata binti yao wa darasa la tatu aliijua. Wageni hawakuijua, na siku ile nyumba ilikuwa ya wageni. Viti vya kuazima vilijaa mpaka barabarani, sufuria za majirani zilikuwa zinaingia na kutoka, na katikati ya vilio mtu fulani alilitazama shati lake, akaona limekunjamana, akaiona pasi. Kioo kilianguka kinyumenyume, kikaivuta kompyuta nzima, ikateleza juu ya kitambaa cha meza na kutua kwenye sakafu ya saruji.

Hakuna aliyesikia. Mkasi aliigundua siku ya tatu, watu walipoanza kupungua. Mtu alikuwa ameiokota na kuirudisha mezani kwa adabu, kioo huku na kibodi kule, akavifunika vyote kwa kitambaa, kama nayo ni ya kuzikwa.

Mkasi ni jina alilopewa na marehemu. Mume alipiga picha za harusi na mahafali, mke alikaa nyumbani akazikata na kuziunganisha. Kila aliposifiwa kwa kazi nzuri, mume alijibu kwamba yeye ni wa kushika kamera tu, mwenye kazi ni Mkasi wake. Watu walicheka, wakadhani ni utani wa mtu anayempenda mkewe. Ndiyo maana baada ya mazishi hakuna aliyefikiri kwamba kazi bado ipo.

Fundi aliifungua ile kompyuta, akaichungulia na tochi ya simu, akatoa diski na kumkabidhi ndani ya kimfuko cha plastiki. Picha zote zimo, alisema, salama kabisa. Hii nyingine, mama, wape watoto wachezee duka.

Ndani ya diski hiyo kulikuwa na harusi moja, saa tatu na nusu za picha ambazo hazijaguswa. Bibi harusi alipiga simu Jumatatu, akapiga Jumatano. Simu zote zilianza na pole na kuishia na lakini. Pole sana dada, Mungu akutie nguvu, lakini mama mkwe anasafiri Jumapili ya wiki ijayo na anataka kuondoka na video yake. Pole, tunajua uko kwenye kipindi kigumu, lakini tumepata kijana mwingine anasema akipewa hizo picha anaweza. Mkasi akasema picha hazitoki, video itakuwa tayari Jumamosi ya wiki ijayo. Bibi harusi akauliza kwa upole, kama anayeuliza mgonjwa, ni nani atakayeitengeneza.

"Aliyetengeneza zote," Mkasi akasema. Bibi harusi akajibu pole.

Aliikata simu akiwa ameuma meno. Harusi ile ikienda kwa kijana mwingine, mahafali ya shule yatamfuata kijana huyo, na kufika mwisho wa mwaka hakuna atakayekumbuka kwamba nyumba ile iliwahi kutengeneza kitu.


Kompyuta mpya haikuwa na shida ya fedha, na jambo hilo lenyewe lilimkera. Ndugu walikuwa wamechanga, mazishi yakapita, kikabaki kiasi cha kutosha. Kikao cha ukoo kikaamua mjane anunuliwe kitendea kazi. Kikaamua pia kwamba bahasha ishikwe na kaka mkubwa wa marehemu, karani wa ofisi, kwa kuwa yeye ndiye anayefanya kazi na kompyuta. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika barua na kuzichapisha. Mkasi aliyekuwa amekaa mbele ya kompyuta miaka tisa hakuulizwa.

Kabla ya kwenda dukani alilitoa daftari. Alikuwa analichukia daftari hilo. Mumewe alilianza tangu bawaba zilipolegea, akasema safari hii hanunui kwa pupa, atalinganisha kwanza. Akalinganisha mwaka mzima. Kila Jumamosi isiyo na harusi alivaa viatu vya kufunga, akatia flashi mfukoni na kwenda madukani, akarudi adhuhuri mikono mitupu, uso umejaa habari. Kompyuta kumi na saba zilikuwa zimepangwa kwa kalamu ya wino, kila moja na alama zake juu ya kumi: umbo, kazi, thamani. Safu ya mwisho aliipa jina la Tatizo.

Ya saba: umbo nane, kazi tisa, thamani tatu. Tatizo: inachemka.

Ya kumi na moja: umbo nne, kazi tano, thamani nane. Tatizo: ukiinyanyua kwa kona moja inalia kama kitanda cha gesti.

Ya kumi na nne, iliyotumika: umbo tisa, kazi tisa, thamani tisa. Tatizo: rangi. Bibi harusi anakuwa kijani.

Mkasi aliipitia safu ya mwisho kutoka juu hadi chini. Hapakuwa na nafasi hata moja iliyoachwa wazi. Alitaka kumwuliza mtu, hivi katika dunia nzima alitegemea kukuta kompyuta gani, iliyoshushwa na malaika? Aliyepaswa kuulizwa hakuwepo. Akalitia daftari kwenye mkoba pamoja na flashi iliyokutwa kwenye mfuko wa suruali ya marehemu.


Shemeji yake, yule karani mwenye bahasha, alimsubiri mlangoni pa duka amevaa shati jeupe lililonyooshwa hadi mikunjo ya mikono ikasimama kama makali ya kisu. Alikuwa mtu wa kunyoosha nguo, hata soksi. Alimwambia asiwe na wasiwasi, leo watamaliza kila kitu ndani ya nusu saa, yeye hana tabia ya kuzungukazunguka kama marehemu.

Duka lilikuwa refu na jembamba, kabati za kioo pande zote mbili, na kompyuta za maonyesho zimefungwa kwa minyororo midogo kama ya mbwa wa kizungu. Muuzaji alikuwa kijana mnene mwenye kalamu sikioni. Kabla hajauliza wanahitaji nini, shemeji alikwishamweleza kwamba huyu mama ni mjane, mumewe ni juzijuzi tu amefariki, kwa hiyo bei aiangalie kwa jicho la ubinadamu. Wateja wawili waliokuwa wanachagua chaja waligeuka kumtazama. Mkasi akatazama sakafu, vigae vilivyopasuka, akavihesabu mpaka wale watu walipochoka kumwangalia.

Muuzaji akasema pole mama, tutakupa na kipanya bure.

Shemeji alikwenda moja kwa moja kwenye laptopu ya rangi ya fedha, kubwa, iliyobandikwa stika upande wa kushoto kama begi lililopita viwanja vingi vya ndege. Alizisoma moja moja kwa sauti. Sauti ya sinema. Kioo cha kifahari. Multimedia. Alilirudia hilo la mwisho akimtazama Mkasi. "Unaona, shemeji? Kazi yako si video? Video ndiyo multimedia yenyewe. Wameandika hapa."

Mkasi aliisogelea. Aliitambua: ilikuwa ile ya kumi na moja. Akaishika kwa kona moja na kuinyanyua kidogo, ikalia.

Akamgeukia muuzaji. "Naomba uniwashie hii, na ile nyembamba ya juu, na ile nyeusi nene iliyotoka maofisini. Zote tatu, pamoja."

Muuzaji aliitoa kalamu sikioni. Alimtazama mdomo, si macho. Kisha akamwomba, kwa heshima zote, aseme tena.

"Aseme nini tena?" shemeji akauliza.

"Sauti yake naijua," muuzaji akasema. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na walipomwona uso unambadilika hawakuelewa kwa nini. "Mama, marehemu alikuwa mtu wa kunyanyua kompyuta kwa kidole kimoja? Mrefu, anakuja Jumamosi?"

Mkasi akasema ndiye.

Muuzaji alikaa juu ya katoni. Akasimulia, huku akiigeuza kalamu mkononi, kwamba hapo dukani walimwita Bwana Kidole. Walikuwa wakimwona anavuka barabara wanaambiana Mkaguzi huyo, ficheni zinazolia. Alikuwa hanunui, lakini programu yake ya kukatia video alikuwa ameipakia kwenye kila mashine ya maonyesho na hawakuwahi kuifuta, kwa sababu wateja wengine waliipenda. Wiki zile alizokosekana walidhani amekwenda kusumbua duka la jirani.

"Sasa sauti yangu umeijulia wapi?"

Muuzaji alisema Bwana Kidole alikuwa na video yake ya kujaribia, moja tu, ile ile kila duka. Mkasi akaitoa flashi mkobani. Humo mlikuwa na faili moja, jina lake Jaribio, ambalo hakuwahi kulifungua.

"Mama, ningekuwa wewe ningeisikilizia nyumbani."

"Nyumbani hakuna kompyuta," Mkasi akasema. "Ndiyo maana niko hapa."


Ilikuwa jikoni kwao. Kamera ilikuwa imesahauliwa mezani ikiwaka, imelala upande, kwa hiyo jiko na sufuria na dirisha vyote vilikuwa vimelala. Ndani ya picha hiyo mlikuwa na kila kinachoitesa mashine: moto, mvuke, kona yenye giza, mwanga mkali wa dirishani, na mwanamke anayepita haraka akipiga kelele. Mkasi alielewa mara moja kwa nini aliichagua. Kama fundi, na yeye angeichagua.

Kelele zenyewe zilikuwa zake. Laptopu nyembamba ilikuwa na spika nzuri kuliko zote, na duka zima likamsikia akisema hii ni Jumamosi ya ngapi, viatu unavimaliza soli kwa kompyuta usizonunua, mwenzio nakata harusi kwenye mashine iliyoegemezwa pasi. Sauti ya mume ikajibu taratibu kwamba atanunua, lakini wiki ijayo zinaletwa nyingine, ngoja azione.

"Utakufa hujanunua," sauti ya Mkasi ikasema.

Watu wa chaja waliacha kuchagua chaja. Muuzaji alipeleka mkono kuizima, Mkasi akauzuia.

"Basi niende na kaka," mume akasema ndani ya mashine. "Yeye hununua haraka."

"Nenda naye. Yule atalipia stika, kompyuta apewe nyongeza."

Kisha mume akacheka. Alicheka kwa muda mrefu, cheko la mtu aliyeshika meza, maana picha nzima ilikuwa inatikisika, na mwanamke aliyekuwa anapita akasimama, naye akacheka mbele ya jiko, mwiko mkononi. Hapo video ikaisha.

Shemeji alikuwa bado amekumbatia laptopu ya stika. Aliishusha polepole juu ya kabati na kuupangusa mfuniko kwa kiganja. Muuzaji akajitia kutafuta kitu chini ya meza. Kila mtu dukani, Mkasi akafahamu sasa, alikuwa amemsikia akimteta shemeji yake Jumamosi hadi Jumamosi, mwaka mzima, katika mtaa mzima, na mumewe amesimama pembeni anasikiliza bawaba. Alitamani kumfufua ili apate kumgombeza.

"Tuendelee," akasema.

Akaendelea kama alivyofanya kila siku. Aliiweka ile video katika mashine zote tatu, akaipa kila moja marekebisho yale yale ya mwanga na maandishi yale yale, akaziamuru kwa pamoja zipike. Kupika lilikuwa neno la nyumbani kwao, yaani kuiacha mashine iunganishe vipande vyote viwe filamu moja. Akaweka saa ya simu mezani. Nyembamba ilimaliza kwa dakika saba, na shemeji, aliyekwishaihama ile ya stika bila kusema, akasema hiyo basi, tulipie. Mkasi akaziamuru zipike tena palepale, zisipumzike. Harusi si dakika nne kama video hii, akamweleza muuzaji, harusi ni saa tatu na nusu, na anayekimbia vizuri mpaka kwenye kona bado hajakimbia. Mara ya pili feni ya nyembamba ilianza kulia, tumbo lake likawa halishikiki, na dakika zikafika kumi na tatu. Ile ya stika ilikuwa haijamaliza hata mara ya kwanza. Nyeusi nene ilimaliza kwa dakika nane, na mara ya pili kwa dakika nane.

Aliinyanyua kwa kona moja. Haikusema kitu. Akaufungua mfuniko kwa kidole, ukasimama pale alipouachia.

Lakini daftari lilikuwa limesema kweli. Kwenye kioo chake moto wa jikoni ulikuwa umepauka, na uso wake mwenyewe ulikuwa na ukijani wa mtu anayetaka kutapika. Spika zake ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Cheko la mume lilitoka dogo na la mbali, kama la mtu aliye chumba cha tatu na mlango umefungwa. Mkasi alirudi kwenye nyembamba, akaucheza tena mwisho ule. Humo alikuwepo mzima, mpaka pumzi anayoivuta kabla ya kuanza kucheka. Alisimama kati ya mashine hizo mbili mpaka shemeji akajikohoza.

"Ina tundu la waya wa runinga?" akamwuliza muuzaji, akionyesha ile nyeusi.

Muuzaji aliigeuza. Lilikuwepo, ubavuni, safi halijatumika.

Runinga ya sebuleni kwao haikuwa na kosa hata moja la rangi. Atakata kwenye kioo cha kijani na kutazama rangi kwenye runinga, basi, mambo yameisha. Mashine kumi na saba, mwaka mzima, jozi mbili za viatu, na kila jioni mtu huyo alikuwa anarudi kukaa mbele ya runinga hiyohiyo akilalamika kwamba rangi hazipatikani. Alitamani afike nyumbani upesi amwambie, apate kumchoma nayo mwezi mzima. Alikwishaushika mkoba begani aondoke ndipo alipokumbuka.

Shemeji alijaribu mara ya mwisho, kwa sauti ya chini, kwamba ile nyeusi ni mtumba, imechubuka pembe, ina namba ya ofisi ya watu imeandikwa kwa rangi nyeupe mgongoni. Waliochanga wakija nyumbani wataona nini?

"Wataona harusi," Mkasi akasema.

Shemeji aliitoa bahasha. Hakuomba tena bei ya ubinadamu. Muuzaji akaipunguza mwenyewe, na kipanya akakitia kwenye mfuko wa kompyuta bila kukitaja, na alipokuwa anaandika risiti aliuliza kama anaweza kubaki na nakala ya ile video, kwa sababu hawajawahi kupata nyingine inayoijaribu mashine namna ile. Mkasi alifikiri. Akamwambia abaki nayo, lakini amkatie yale maneno ya stika.


Shemeji aliibeba kompyuta hadi kituoni bila kuombwa. Ilikuwa nzito, ikamvuta bega, shati likaanza kujikunja kwapani. Waliposimama kusubiri gari alilitazama shati hilo, akalivuta chini, akaliacha.

"Shemeji," akasema, "siku ile ya msiba. Ile pasi ni mimi."

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Watu walikuwa mia mbili, shemeji. Aliyenyooka alikuwa wewe peke yako."

Alihamisha mzigo bega la pili. Hakusema samahani, wala Mkasi hakumwambia si neno. Baada ya muda aliuliza, akiangalia barabara, kama kweli mdogo wake alikuwa anacheka namna ile, maana utotoni alikuwa hacheki. Mkasi akasema ndivyo alivyokuwa anacheka. Gari likaja.

Video ya harusi ilikabidhiwa Ijumaa, siku moja kabla. Bibi harusi alipiga simu kusema mama mkwe amelia, na kwamba yeye mwenyewe hakujua. Safari hii hakusema pole. Mahafali ya shule ni mwezi ujao, kamera atashika kijana wa kukodi, Mkasi atakata.

Kompyuta nyeusi inakaa pale mezani, waya wake umepita ukutani hadi kwenye runinga. Kioo kinasimama chenyewe, na pasi inakaa jikoni. Binti anapotaka kunyoosha sare ya shule, huja kwanza kuifunga kompyuta.